Barua za Mama za Kwenda Maskati

Siku tuliyomzika mama, wanawake wa mtaani walitoa kila kitu sebuleni ili watandike majamvi. Ndivyo ilivyo kwetu Nguvumali: msiba ukiingia, viti vinatoka, na mwenye nyumba hana tena kauli juu ya nyumba yake mpaka matanga yaondolewe. Wakatoa makochi, wakatoa meza ya chakula, wakatoa kabati la vyombo na vyombo vyake ndani. Kisha wakaifikia kompyuta yangu.

Ni kompyuta ya zamani, ya kukaa mezani, na mama alikuwa ameifumia kitambaa cha kuifunika kwa sababu aliona aibu kifaa kukaa uchi mbele ya wageni. Asubuhi ile ilikuwa inawaka chini ya kitambaa chake. Nilikuwa nimefungua programu ya barua pepe nitafute namba za jamaa wa kupelekewa habari, mara nikaitwa chumbani na mwosha, anauliza kama kuna ubani wa kutosha. Niliporudi, meza haipo na kompyuta haipo. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye mikono ya mchukuzi na roho ya huruma, alikuwa ameuchomoa waya ukutani kwa mvuto mmoja.

"Pole, mwenzangu," akaniambia huku akipangusa mikono kwenye kanga. "Tivii yako tumeitia stoo, haitapata vumbi."

Nikamshukuru. Siku ya msiba mtu hagombi juu ya waya.

Nilikuwa nikitumia programu ya kizamani ambayo huweka barua zote katika faili moja ndani ya kompyuta: zilizoingia, zilizotoka, anwani, namba za simu, vyote vimefungwa bindo moja. Wenzangu wa kazini walikwisha kuhamia kwenye barua za mtandaoni, zile ambazo hata kompyuta ikiungua zenyewe zipo. Walinicheka, nami nikawajibu usiache mbachao kwa msala upitao. Basi msala ule haukupita, wanausalia mpaka leo, na mbachao wangu ndio uliochanika. Faili la namna ile likikatiwa umeme ghafla, likiwa wazi, huweza kuharibika lote, si barua moja moja.

Na ndani ya faili lile mlikuwa na barua za mama.

Dada yangu mkubwa aliolewa Maskati nikiwa bado nasoma, akakaa huko, akazaa huko, akawa karani wa shule huko. Zamani mama alimwandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani, na barua ikachukua muda wake njiani. Baadaye macho yakapungua nuru. Simu nayo hakuipenda, maana masikio yalikuwa yameanza kumkataa. "Yaninong'oneza," alikuwa akisema, akiirudisha simu kwangu. "Mtu mzima ananong'onezwa nini?" Kwa hiyo kila Ijumaa, wanaume wakiwa wametoka msikitini na pilau limeshashuka tumboni, alikuja kuketi kando yangu pale kwenye kompyuta, akawa anasema na mimi napiga chapa. Nikimaliza namsomea kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukasikia, kisha naituma. Jibu la dada likija nalo namsomea kwa sauti ile ile. Jirani yetu alikuwa akijua habari za Maskati kuliko mabalozi.

Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka. Sikuwahi kumwandikia dada barua yangu mwenyewe. Ya kazi gani? Habari zote mama ameshazisema.

Mama alifariki alfajiri, tukamzika alasiri, kama ilivyo desturi yetu ya kutomchelewesha maiti. Dada hakuwahi. Hata angekuwa na ndege yake mwenyewe uani asingewahi. Alilia kwenye simu, nami nikalia, na wanawake wakaninyang'anya simu wakasema inatosha.

Matanga yalipoondolewa na viti vikarudi, dada akapiga tena. Safari hii alikuwa ametulia, na alikuwa na jambo.

"Nina haja moja kwako," akasema. "Barua za mama. Zote nilizisomea kazini, kwenye anwani ya ofisi. Nilipostaafu majuzi wakaifunga anwani ile, sikujua kama wanafunga na vilivyomo. Sina hata moja. Nitumie wewe, mdogo wangu, zimo humo kwenye kompyuta yako. Sikumwosha, sikumzika. Basi nipe maneno yake."

"Nitakutumia, dada," nikasema. Kompyuta ilikuwa bado stoo, katikati ya masufuria ya kukodi ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua.

Sikuitoa siku ile wala iliyofuata. Nilikuwa najifunza kukaa nyumbani peke yangu, na hilo lilikuwa kazi ya kutosha. Sikuwa nimejua nyumba yetu ina milango mingi hivyo ya kufunga. Napika wali, unabaki. Napunguza mchele, unabaki vilevile. Nilikuwa nikijikuta nimepaza sauti kuuliza, "Unywe chai sasa au baada ya kusali?" na mtu wa kujibu hayupo, naona haya kama nimekamatwa na wageni. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi hapa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Kwetu mwanamke wa umri wangu, aliyeachika zamani na asiye na mtoto, akisema ni mpweke ataletewa mchumba mjane mwenye kisukari, au ataletewa mtoto wa binamu asomeshwe. Mimi sikutaka huyu wala yule. Nilimtaka mama.

Nilipoitoa kompyuta stoo na kuiwasha, ikawaka vizuri. Nikapata moyo. Nikafungua programu ya barua. Ikafikiri, ikafikiri tena, kisha ikaniambia kwa maneno makavu kwamba faili haliwezi kufunguka na kwamba si faili la aina inayolijua. Miaka yote ile, na leo halijui.

Nikaifunga nyuma ya bajaji kwa kamba nikaipeleka Ngamiani, kwa fundi mmoja ambaye duka lake lina kompyuta zilizokufa mpaka dari. Mtu mstaarabu, rika langu, kofia imekaa sawa. Akachungulia, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"La kuvunda halina ubani, dada yangu," akasema. "Nakupigia windo mpya, mashine inarudi kama ilivyotoka dukani. Barua utaandikiana nyingine."

"Na nani?" nikamwuliza.

Akadhani namtania. Nikamwambia aifunge tena nyuma ya bajaji kama alivyoikuta. Kupiga windo mpya ni kufuta kila kilichomo na kuanza upya, na mimi sikumpelekea nyumba aibomoe ili nipate kiwanja.

Mimi nimekuwa katibu muhtasi tangu ujana wangu. Nilianzia ofisi moja kule Amani, mlimani, ambako unyevu unaingia hata kwenye karatasi, na diski za wakati ule zilifanya kuvu kama mkate wa juzi. Huko tuliokoa mafaili mara nyingi, na nilijua kanuni ya kwanza: usimguse mgonjwa, mguse pacha wake. Nikalinakili faili la mama kwenye flashi, nakala moja nikaiweka kabatini chini ya kanga zake, nyingine ndiyo nikaifanyia kazi. Nilijua pia kwamba programu ile ilikuja na chombo chake kidogo cha kukarabati mafaili, kimefichwa ndani kabisa kama dawa ya mganga, na watu wengi huitumia miaka yote bila kujua kipo. Nikakitafuta mpaka nikakiona.

Kikaanza kazi mchana, saa za joto, feni inazunguka. Kinasoma faili kipande kwa kipande, kinachokitambua kinakiweka upande, kisichokitambua kinakiacha. Kikakwama. Nikaanza upya kwenye nakala nyingine. Kikakwama mbele kidogo. Umeme ukakatika, nikamtukana mtu ambaye sikumjua. Nilipika, nikala, nikaosha chombo kimoja, nikarudi. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na shughuli, na nakiri nilifurahi kuwa na kitu cha kukitazama kinachohangaika pamoja nami. Kila dada alipouliza kwenye simu, nilimjibu zinakuja, subira.

Mwisho kikamaliza. Kikanitengenezea folda mpya na kusema humo ndimo kilimoweka kilichookoka.

Nikafungua kwanza orodha ya watu. Majina yamo. Namba hazimo, anwani hazimo, zimekwenda na maji. Na majina yenyewe ni yale aliyoyataka mama, kwa kuwa hakukubali mtu mzima aandikwe kwa jina lake kama mfungwa. Kwa hiyo nilikaa natazama orodha ndefu inayosema Shangazi wa Pangani, Mke Mkubwa wa Mjomba, Mke Mdogo wa Mjomba, Mzee wa Mkwakwani Mwenye Jicho, Yule Aliyetuletea Samli. Nilicheka peke yangu mpaka nikahitaji kuketi vizuri. Ukoo mzima ulikuwa pale, na hakuna hata mmoja ningeweza kumpigia.

Kisha nikafungua barua zilizoingia. Hizo zilikuwapo! Barua za dada, karibu zote, hapa na pale neno limegeuka vijisanduku lakini zinasomeka. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Nikaanza kusoma.

"Mama, hilo la kuku nimecheka mpaka watu wa ofisini wameniuliza nina nini." Kuku yupi? "Usimsamehe haraka, mama, mwache kwanza aje mwenyewe." Nani? "Na mimi pia namwota baba hivyo hivyo, amesimama mlangoni wala haingii." Basi mama alimwota baba, akamwambia dada, na maneno hayo yalipita kwenye vidole vyangu. Sikuyakumbuka.

Si ajabu, ndiyo kazi niliyofundishwa. Katibu muhtasi mzuri haweki maneno ya bosi kichwani. Yanaingia sikioni, yanatokea vidoleni, na akimaliza hawezi kukwambia yalihusu nini. Nilikuwa hodari sana wa hilo, nilisifiwa nalo. Ijumaa baada ya Ijumaa mama alisema moyo wake wote kando ya bega langu, nami nikampigia chapa bila kosa hata moja, na sasa ninajua majibu yote wala sijui maswali. Hilo liliniuma kuliko kaburi lenyewe. Kaburini angalau nilijua nimemwacha wapi.

Nikafungua barua zilizotoka. Folda tupu. Nikaifunga nikaifungua tena. Nikarudia ukarabati wote kwenye nakala ya chini ya kanga, na ulipokwisha, tupu vilevile. Sehemu ile ndiyo programu ilikuwa inaiandika waya ulipovutwa, nadhani. Au sivyo. Faili halitoi sababu.

Mtu akinambia maji yakimwagika hayazoleki, siku zote nilimjibu inategemea sakafu. Siku ile sakafu yangu ilikuwa mchanga.

Kilichobaki ni folda ya rasimu, na humo mlikuwa na kitu kimoja. Nilikitambua kabla sijakifungua. Mama alikuwa mtu wa adabu ya barua za zamani: barua haianzi na habari, barua inaanza na salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu kuliko habari. Hakukubali pia nijibu juu ya barua ya dada, kwa kuwa aliona ni kama kumwandikia mtu mgongoni mwa karatasi yake. Kila mara ianze upya, kwa salamu kamili, na dada naye akafuata adabu hiyo. Basi mimi, kwa uvivu wa kazi, niliziandika salamu zile mara moja nikaziweka kama rasimu. Kila Ijumaa nilizinakili, nikaacha nafasi chini yake, mama akaijaza. Mwishoni mwa salamu palikuwa na orodha ya wanaosalimu, na mtu akifa mama aliniambia kwa upole, "Mtoe." Nikamtoa shangazi. Nikamtoa jirani wa upande wa pili. Nikamtoa baba, na siku ile mama alinionyesha kwa kidole tu.

Nilikuwa bado naitazama rasimu ile, alasiri, simu ilipolia. Dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vipi, umezipata?"

Sikuwa na nguvu ya kusema zinakuja. Nikamweleza yote, waya, faili, chombo cha kukarabati, folda tupu. Nikamwambia zako zipo, nitakutumia. Akasema zake anazijua, za nini.

"Hata moja?" akauliza.

"Kuna salamu tupu. Ile rasimu. Haina barua ndani."

"Nisomee."

"Dada, si unazijua? Ni zile zile za kila siku."

"Nisomee hivyo hivyo, mdogo wangu. Polepole kama yeye."

Nikaivuta miwani. "Kwa mwanangu kipenzi, mboni ya jicho langu," nikasoma, na kinywa changu kikaanza kwenda mwendo wa mama, sikukituma. "Nakuletea salamu nyingi, wewe na mumeo na wanao, wajukuu zangu nisiowaona. Je, u mzima, mwanangu?"

Upande wa pili nikasikia pumzi.

"Shikamoo, mama," dada akasema.

Mimi ndiye mdogo. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyempa shikamoo, hata dakika ile nilikuwa nimetoka kumpa. Lakini shikamoo haiachwi hewani, mwenye kuiacha ana neno na mtu, na mama hakuwa na neno na mwanawe.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Nikasikia analia, nikaendelea kusoma kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. "Ama sisi huku hatujambo, twamshukuru Mola. Hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na macho yangu. Usilale na nywele mbichi. Wakusalimu huku wote, mimi mamako na mdogo'ako. Ama baada ya salamu..."

Hapo ndipo rasimu ilipoishia, na chini yake nafasi nyeupe.

"Ama baada ya salamu, mama?" dada akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Niambie. Habari za huko?"

Niliitazama ile nafasi nyeupe. Ningeweza kumwambia hapana kitu, dada, imeishia hapo, na ingekuwa kweli. Sebule ilikuwa kimya, feni imesimama, kwani umeme ulikuwa umekatika tena na kompyuta inalia kwenye betri ya akiba niliyoinunulia majuzi.

"Mdogo'ako yu peke yake," nikasema. "Nyumba nzima peke yake, mwanangu. Hujifanya hodari huyo, wamjua. Apika wali wa watu wawili ala mmoja. Hana wa kumuuliza amelalaje, na yeye kusema hatasema, wamjua. Usingoje haja ya barua. Mpigie simu tu, hata kama huna neno."

Dada akapenga kamasi.

"Nimesikia, mama," akasema. "N'tampigia."

Akakata. Nikabaki na simu mkononi, mashavu yameloa, nimeona haya mbele ya chumba kitupu. Sijaiweka mezani ikalia tena, jina lake juu.

Nikaipokea.

"Shikamoo dada," nikasema.